Nyasi Utosini, Msitu Mabegani: Uende Kitulo, Lukwangule au Shimba Hills?

Kuna milima ambayo ukiipanda, saa nzima na zaidi huoni anga. Njia inapita chini ya miti iliyofungamana, matawi yameota ndevu za kijani zinazodondosha maji, na sauti pekee ni ya ndege usiyemwona. Halafu, bila onyo, msitu unakatika. Unatoka nje kama mtu anayetoka mlangoni, na mbele yako ni nyasi tupu, upepo na mawingu yanayopita usawa wa magoti.

Mwenye kuonja hali hiyo mara moja huitafuta tena. Ndiyo maana kila ikikaribia likizo huulizwa swali lile lile na watu ninaopanda nao: tuna siku chache, tunataka mlima wenye nyasi juu na msitu pembeni, twende wapi? Majina matatu hurudi kila mara. Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Lukwangule, uwanda ulio juu ya milima ya Uluguru, Morogoro. Na Shimba Hills, vilima vya Kwale, kusini ya Mombasa. Nimekwenda kote kutatu, na kote nimependa. Lakini ni sehemu tatu zisizofanana hata kidogo, na mtu aliyekwenda pazuri kwa mwezi usio wake hurudi ameumia moyo.

Mimi mwenyewe nilifika Kitulo mara ya kwanza mwezi wa Julai. Nilikuwa nimesikia habari za maua tangu utotoni. Nilichokikuta ni nyasi zilizokauka rangi ya dhahabu, baridi iliyopenya koti mbili, na asubuhi barafu nyembamba juu ya majani. Palikuwa pazuri, ila maua hayakuwepo. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aende wapi, mimi humuuliza kwanza ana likizo mwezi gani.

Vipimo nilivyotumia

Nimezipima sehemu hizi kwa mambo matano. La kwanza ni nyasi zenyewe: zina nini ndani yake, na kwa nini miti haikuota hapo. La pili ni msitu unaozizunguka. La tatu ni barabara na miguu, yaani kufika na kupanda. La nne ni majira. La tano ni wenyeji, vibali na adabu ya mahali. Sikuweka ubora wa hoteli, kwa sababu anayetafuta hoteli nzuri kuliko mlima atapata ushauri kwingine ulio bora kuliko huu.

Nyasi zenyewe

Kitulo ni uwanda mpana ulioinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya safu za Kipengere, Uporoto na Livingstone. Mlima Mtorwi, ulio pale pale, unafika mita 2,961. Wenyeji huuita uwanda huu Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Serengeti ya Maua. Zimehesabiwa aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Nalisisitiza hilo la ardhini, kwa sababu wengi wakisikia okidi hufikiria ua la kwenye chungu, au lile linalong'ang'ania tawi la mti. Okidi za Kitulo ziko miguuni pako, katikati ya majani, nyingine ndogo kuliko kidole. Asiyeinama hazioni.

Udongo wake ni wa asili ya volkano na mvua yake ni nyingi, kwa hiyo mtu angetarajia msitu mnene. Kinachosaidia nyasi kushika uwanda ni baridi. Usiku wa miezi ya katikati ya mwaka hushuka hadi chini ya nyuzi sifuri, na mche mchanga wa mti hauna pa kujificha. Ongeza moto wa miaka mingi na mifugo iliyolishwa hapo. Mimea ya uwandani imejifunza njia nyingine: inaficha uhai wake chini ya ardhi, katika viazi na mizizi minene, na inangoja mvua.

Na viazi hivyo ndivyo vilivyoiponza okidi. Nchini Zambia kuna chakula kipendwacho kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa, husagwa, huchanganywa na unga wa karanga, kisha hupikwa hadi vikagandamana na kukatwa vipande kama keki. Walaji walipoongezeka na okidi za kwao zikapungua, wachimbaji walivuka hadi nyanda zetu za kusini, na Kitulo ikaanza kuchimbwa gunia kwa gunia. Okidi ikichimbwa kiazi imekwisha. Haikatwi ikachipua tena kama mchicha. Tishio hilo lilikuwa moja ya sababu kubwa za kuufanya uwanda huu Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, yenye kilomita za mraba zipatazo 413. Hifadhi za taifa zetu nyingi zilitengwa kwa ajili ya tembo na simba. Hii ilitengwa kwa ajili ya maua, na hilo hunigusa kila nikipita pale getini.

Lukwangule ni mdogo zaidi na mpweke zaidi. Uko juu ya mita 2,400, upande wa kusini wa Uluguru, katika milima ile ile yenye kilele cha Kimhandu kinachozidi mita 2,600. Nyasi zake ni za mashungi magumu, na katikati kuna sehemu za tope jeusi ambapo ukikanyaga vibaya unazama hadi kifundo cha mguu. Maji yanatuama pale juu kama kwenye sponji, na mti haupendi kusimama na mizizi ndani ya maji baridi. Upo jamaa mmoja wa nyasi hapo ambaye jina lake la kisayansi limetokana na Lukwangule yenyewe. Maua yapo, lakini usiende kwa kuyahesabu. Kinachoshika moyo Lukwangule ni ukimya, na ule ujuzi kwamba tope unalolikanyaga ni mwanzo wa maji ya watu wa mbali. Mto Mgeta unatoka huku, unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam.

Shimba Hills ni habari nyingine kabisa. Hapa hakuna baridi. Vilele vyake havifiki hata mita 500. Ni vilima vya mchanga karibu na bahari, vyenye nyasi ndefu juu ya migongo yake na vikundi vya msitu mabondeni. Moto na tembo ndio wanaozuia miti isizivamie nyasi hizo. Na nyasi zenyewe ni makazi ya palahala, swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kama jambia kuelekea mgongoni. Kenya nzima, hapa ndipo mahali pekee anapoishi porini. Ukimwona dume amesimama juu ya kilima asubuhi, nyuma yake Bahari ya Hindi inang'aa, huhitaji mtu wa kukuambia kwa nini hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968.

Kwa maua, Kitulo haina mpinzani. Kwa upweke na ukungu, Lukwangule. Kwa mnyama mkubwa katikati ya nyasi, Shimba.

Msitu unaozizunguka

Watu wengi wanaokwenda Kitulo huishia uwandani na kurudi. Nawaonea huruma, maana upande wa Livingstone uwanda unakatika na kushuka ndani ya msitu wa mawingu ambao ulikuwa umeficha siri kubwa hadi juzi tu. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani wa ajabu aitwaye kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Rungwe na Livingstone wakamwona kwa macho yao, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu kuwa ni aina mpya. Mwaka uliofuata, baada ya uchunguzi zaidi, akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la ngazi ya juu ya aina, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kipunji wapatao 1,100 tu. Kundi jingine dogo liko Ndundulu, milima ya Udzungwa, na zaidi ya hapo hawapo popote duniani. Ana manyoya marefu ya kahawia, shungi utosini, na mlio wa kukoroma na kubweka kwa pamoja. Kumwona ni bahati. Kumsikia ni rahisi kidogo. Kwa mimi, kujua kwamba wanyama hao walikaa karibu na mashamba ya watu karne na karne, na wanaowafahamu ni wawindaji tu, ni sababu tosha ya kuingia msituni na kukaa kimya.

Msitu wa Uluguru ni mkongwe, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Milima hii imepata mvua kutoka bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, hata mimea na wanyama wake wakawa wa kwao peke yao. Chozi wa Loveridge, ndege mdogo anyonyaye maua, huishi Uluguru tu. Kuna pia mbwigu mkubwa wa manjano na kijani asiyepatikana popote isipokuwa milima hii, ingawa huyo anaishi zaidi Uluguru Kaskazini, kwa hiyo safari ya Lukwangule isikupe matumaini makubwa ya kumwona. Kwenye miamba yenye kivuli huota violeti ya Afrika, ua lile ambalo huko Ulaya watu hulipanda kwenye vyungu dirishani. Mwaka 2008 misitu ya hifadhi iliyokuwa imegawanyika iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kati ya misitu hiyo mitatu nitakayokwambia, huu ndio unaoupitia kwa miguu yako kuanzia ukingo hadi mwisho. Hakuna gari linalokurusha juu. Unaulipia uwanda kwa jasho, hatua kwa hatua, na ndiyo maana ukitokea kwenye nyasi unataka kukaa chini.

Misitu ya Shimba ni ya pwani: yenye joto, mizito, na yenye utajiri wa mimea unaowashangaza wataalamu, maana sehemu kubwa ya mimea adimu ya Kenya inapatikana katika eneo hili dogo. Msitu wa Longomwagandi ni mfano mzuri wa kuingia. Humo mna mbega, hondohondo, na vipepeo wengi kuliko niliowahi kuona kwingine pwani. Wadigo na Waduruma wana uhusiano wa zamani na misitu hii. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambazo baadhi yake ziliingia katika urithi wa dunia mwaka 2008, zilihifadhi miti kwa miiko kabla sheria ya serikali haijafika. Na kama Ruvu kwa Dar es Salaam, chemchemi za Marere zilizo ndani ya Shimba zimekuwa zikipeleka maji Mombasa.

Barabara na miguu

Kwenda Kitulo kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza inatoka Mbeya kupitia Isyonje na Kikondo. Ya pili ni ya Chimala, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na hiyo inapanda kwenda Matamba kwa kona kali zilizohesabiwa na kupewa jina: Hamsini na Saba. Ukiipanda asubuhi anga ikiwa safi, bonde la Usangu linafunguka chini yako kona baada ya kona. Ukiipanda wakati wa mvua, omba dereva awe mwenyeji. Nilipata kukodi gari Mbeya kwa mtu aliyeniapia kwamba matairi ni mazima. Tulikwama kwenye tope hadi usiku, na waliotutoa ni vijana waliokuwa wanarudi kutoka mashamba ya viazi. Tangu hapo hukagua matairi mwenyewe, tena nikiwa na tochi.

Ukishafika juu, Kitulo ni rahisi kuliko zote kwa miguu. Uwanda ni mpana, miinuko ni ya upole, na hata mzazi mwenye mtoto wa miaka saba anaweza kutembea nusu siku. Kinachochosha ni urefu kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga atahema siku ya kwanza. Wenye nguvu wana safari ya siku kadhaa ya kuvuka milima ya Livingstone na kushuka hadi Matema, kwenye fukwe za Ziwa Nyasa. Unaanza na koti zito, unamaliza ukiogelea. Sijui safari nyingine ya miguu Tanzania inayobadilika namna hiyo.

Lukwangule ndiyo iliyo karibu zaidi kwa mtu wa Dar es Salaam. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima sasa ni ya saa mbili hivi. Kutoka Morogoro unachukua barabara ya Iringa, unakata Sangasanga, na kupanda kwenda Mgeta. Kuanzia hapo mambo hupungua kasi. Barabara ni nyembamba, na ukifika Nyandira au Tchenzema gari limemaliza kazi yake. Kinachobaki ni mashamba ya ngazi, halafu msitu, halafu mwinuko wa kushika mizizi kwa mikono. Kupanda na kurudi ni siku nzima, na ni siku ngumu. Goti bovu lisiende. Na usipande bila mwenyeji wa kukuongoza: ukungu ukishuka uwandani, pande zote nne hufanana, na mlango wa msitu uliotokea haupatikani tena kirahisi.

Shimba hufikika kwa urahisi kiasi kwamba watu huidharau. Ni kilomita zipatazo 33 kutoka Mombasa: unavuka feri ya Likoni au unazunguka kwa Dongo Kundu, unaingia Kombani, unapanda Kwale. Mtu aliye Diani anaweza kunywa chai hotelini na kuwa kwenye nyasi kabla jua halijawa kali. Kwa wanaotoka Tanga au Dar es Salaam, kivuko ni Horohoro na Lungalunga. Beba hati ya kusafiria. Ndani ya hifadhi, hata hivyo, hutembei upendavyo. Kuna tembo, nyati na chui, kwa hiyo uwanda unauona ukiwa ndani ya gari. Matembezi makubwa ni yale ya kushuka na askari wa wanyamapori hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21, ambako unaweza kujimwagia maji. Kushuka ni raha. Kupanda kurudi kwenye joto la saa sita mchana si raha, nenda mapema.

Mwezi wa safari

Hapa ndipo uamuzi mwingi unapofanyika, au unapopaswa kufanyika.

Kitulo huchanua na mvua. Kuanzia mwishoni mwa Novemba uwanda huanza kubadilika, na hadi Aprili kila wiki chache zina rangi yake: njano, zambarau, nyeupe, nyekundu ya moto. Mbayuwayu buluu, ndege adimu anayetaga ndani ya mashimo ya ardhini, huja kuzaa hapo msimu huo huo kabla ya kurudi pande za Uganda. Tandawala nao hutembea kwenye nyasi kama wazee wenye shughuli. Lakini mvua ni mvua. Utalowa, barabara itateleza, na picha nyingi utazipiga kati ya wingu na wingu. Juni hadi Agosti ni baridi kali na ukavu. Septemba na Oktoba ni nzuri kwa mtu anayetaka kutembea mbali, anga safi, bila kudai maua.

Lukwangule ni kinyume chake. Mvua za masika zikiwa zimepamba moto, njia ya kupanda inageuka kijito na sipendekezi mtu aende. Kati ya Juni na Septemba ndipo udongo hushika na mawingu huachia kidogo. Hata hivyo baridi ya juu ni ya kweli, na ukungu unaweza kuja mwezi wowote.

Shimba inapokea watu mwaka mzima. Epuka Aprili na Mei kama gari lako si la kupanda tope. Baada ya mvua nyasi huwa ndefu na palahala huonekana kwa shida. Baada ya nyasi kuungua na kuchipua upya, wanyama hutoka wazi kula machipukizi. Kumbuka pia mbung'o wapo, na wanapenda nguo za bluu na nyeusi. Vaa rangi ya udongo. Na dawa ya malaria si jambo la kujadili pwani.

Wenyeji, vibali na adabu ya mahali

Kitulo iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa mbali. Malipo ni kwa mtandao au simu, kwa hiyo hakikisha una salio kabla mtandao wenyewe haujapotea barabarani. Matamba ndio mji wa kulala ukiwa na mfuko mwepesi. Gesti ni za kawaida, chai ni moto, na viazi mviringo vya Makete havihitaji kusifiwa. Adabu kuu ya Kitulo ni moja: baki njiani. Hatua moja kando inaweza kukanyaga okidi tatu ambazo hukuziona. Na mtu akikuonyesha viazi vya okidi vya kuuza, usinunue hata kimoja, hata kwa udadisi.

Lukwangule inahitaji kibali cha TFS, na hicho kishughulikie Morogoro mjini kabla hujapanda, kwa maana ofisi hazikufuati mlimani. Mgeta yenyewe ni sababu ya kwenda. Waluguru hulima mboga na matunda kwenye miteremko ambayo mgeni angehofia hata kusimama: kabichi, karoti, njegere, matufaa. Mbuzi wa maziwa walioletwa huko kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine katika miaka ya 1980 sasa ni sehemu ya maisha ya kaya nyingi. Ukikutana na mama mwenye tenga la mboga kichwani kwenye njia nyembamba, wewe ndiye unayepisha. Salimia wazee kwa shikamoo na usubiri jibu. Habari za mgeni hufika kijijini kabla yake.

Shimba iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, na malipo hufanyika kwa eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kenya, si kwa fedha mkononi. Ukiwa na siku ya pili, pita Mwaluganje, jirani kwa upande wa kaskazini. Hapo wakulima waliacha kulima ardhi yao ili tembo wapite, wakagawana mapato ya wageni, na hata samadi ya tembo wakaigeuza kuwa karatasi. Kuishi na tembo si hadithi tamu kwa mtu aliyelala njaa kwa sababu shamba lake limevamiwa usiku, na watu wa Kwale wamevumilia mengi. Fedha unayoiacha Mwaluganje inafika karibu zaidi na waliovumilia.

Nani atafurahi wapi

Kitulo inamfaa mpenda mimea, mpiga picha mwenye subira, mtazama ndege, na familia inayotaka kutembea bila kupanda sana. Haimfai anayetaka tembo na simba, wala anayechukia baridi. Mzee mwenye shida ya moyo au pumzi apate ushauri wa daktari kwanza. Urefu ule si wa kuchezea.

Lukwangule inamfaa mtu mwenye miguu, mwenye kupenda msitu kuliko kilele, na asiyelalamika akifika juu akakuta ukungu umefunika kila kitu. Wanafunzi wa misitu na biolojia watajifunza huko kwa siku moja mambo ya muhula mzima. Haiwafai watoto wadogo.

Shimba inamfaa mwenye muda mfupi, mwenye wazazi wazee ndani ya gari, mwenye watoto wanaotaka kuona mnyama mkubwa, na yule aliyekuja pwani kwa ajili ya bahari akagundua anataka kivuli. Anayetaka kutembea kutwa peke yake juu ya nyasi atajisikia amebanwa.

Kama hali yako ni hii

Likizo yako ni Desemba hadi Machi na una angalau siku nne: Kitulo. Ukiweza kuchagua, Februari. Beba koti la mvua, soksi za ziada, na kitambaa cha kukalia chini, kwa sababu utakaa chini sana.

Una Jumamosi na Jumapili tu, unatoka Dar es Salaam, na miguu yako ni mizima: treni ya Ijumaa jioni hadi Morogoro, Jumamosi Mgeta, Jumapili alfajiri uwandani. Fanya hivyo kati ya Juni na Septemba, na umpange mwongozaji wiki moja kabla.

Uko Mombasa au Diani kwa harusi au kazi na una asubuhi moja: Shimba, getini mapema, nyasi kwanza na maporomoko baadaye kabla jua halijakaza.

Una bibi, mjomba na watoto watatu ndani ya gari moja: Shimba tena, au Kitulo kama bibi amezoea baridi ya nyanda za juu. Lukwangule waachie vijana wa nyumbani.

Unataka kumwona kipunji: Kitulo peke yake haitoshi. Ongea na waongozaji wanaojua misitu ya Livingstone na Rungwe, tenga siku za ziada, na ukubali kwamba unaweza kurudi na mlio wake tu masikioni.

Na kama ni Julai, na umeweka moyo kwenye maua ya Kitulo kama nilivyoweka mimi: mwaka huu panda Lukwangule ukiwa na ardhi kavu chini ya viatu, na uombe likizo ya Februari mapema kabla wenzako kazini hawajaichukua.